Mara ya saba ndipo wakasema imempendeza

Yogyakarta, kisiwa cha Java, Indonesia, Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Mimi mzima, hofu ni kwako na huyo mgeni aliye njiani. Tangu uniandikie kwamba umetimiza miezi saba na bado unajitanda mtandio watu wasijue, sijaacha kukuwaza.

Jana jirani yangu alifanyiwa mitoni, sherehe ya mimba ya kwanza ikifika mwezi wa saba. Saba kwa Kijava ni pitu, na wenyewe husikia humo neno pitulungan, yaani msaada. Basi wazee saba walimmiminia, mmoja mmoja, maji ya maua yaliyochotwa sehemu saba, kwa kata ya kifuu cha nazi. Anatetemeka huku anacheka, petali za waridi zimemganda shingoni.

Wakamteremshia ndani ya nguo madafu mawili ya manjano, yamechongwa sura za Kamajaya na Kamaratih, miungu ya mapenzi. Mama yake alikuwa amechutama chini kuyadaka. Alilipakata dafu, akalifunika kwa shali, akalibembeleza kama mtoto hasa. Hapo machozi yalinitoka, maana nilimwona mama yako.

Kisha jirani yangu akavalishwa nguo, moja baada ya nyingine. Batiki ya Sidomukti ya kuombea neema, Sidoluhur ya kuombea heshima, Truntum ya mapenzi. Kila akivaa, wanawake wanaulizwa kama imempendeza, nao wanaitikia kwa pamoja, “Durung pantes!” Bado! Mara sita. Ya saba ikaja lurik, pamba ya mistari, nguo ya mtu wa kawaida kabisa. Ukumbi mzima ukaitikia, “Pantes!” Bibi mmoja akaniambia ni dua mtoto asije kuwa na majivuno.

Mwisho mume na mke waliuza rujak, matunda mabichi yenye pilipili, ukwaju na sukari ya mnazi. Tulilipa kwa vigae vya chungu. Ungeipenda, wewe na maembe yako mabichi!

Najua kwetu tumbo hufichwa kwa kuogopa kijicho, na sisemi bibi zetu walikosea. Lakini uliniandikia kwamba usiku hulali kwa woga, na woga huo unaubeba peke yako. Yule jirani alikuwa na woga pia, ila alikuwa nao mbele ya watu hamsini wanaomwombea.

Nimekununulia kipande cha lurik, cha kijani na kahawia. Kikifika jifunge, uende nacho kwa mama, mtandio uuache nyumbani.

Wako akupendaye