Kununua Hisa Leo, Kuuza Wiki Ijayo: Anza na Hesabu ya Makato

Kila hela za korosho zinapoanza kuingia benki, swali linalotufikia sana hapa ofisini Mtwara mjini, tunakofundisha watu kununua na kuuza hisa, ni hili: "Nataka ninunue hisa leo, niuze wiki ijayo, nipate chochote. Naanzaje?"

Kuanza si kazi. Uwe na kitambulisho cha NIDA, akaunti ya benki, na akaunti ya CDS, yaani ile inayotunza hisa zako kwa jina lako. Hiyo ya mwisho unafunguliwa na dalali wa hisa mwenye leseni, au unajifungulia kwa simu kupitia Hisa Kiganjani, programu ya Soko la Hisa la Dar es Salaam. Huna haja ya kupanda basi kwenda Dar.

Kazi iko kwenye makato. Ukinunua unakatwa, ukiuza unakatwa tena: kamisheni ya dalali, ada ya soko, ada ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na vidogo vidogo vingine. Kwa mtaji mdogo chukulia asilimia 2 hivi kila upande, halafu mwombe dalali wako jedwali kamili kabla hujaweka oda.

Sasa shika kalamu. Umenunua hisa 1,000 kwa shilingi 600 kila moja, yaani 600,000. Makato 12,000. Bei imepanda hadi 620, umefurahi, umeuza. Umepata 620,000, makato 12,400. Bei imekuongezea 20,000, makato yamekula 24,400. Umepata hasara ya 4,400 kwenye hisa iliyopanda! Ungesubiri ifike 625 ungebaki na shilingi mia tano tu. Wengi wanaokuja kwetu wamejifunza kusoma chati mtandaoni, ila hesabu hii hakuna aliyewapigia.

Jambo la pili ni wanunuzi. Tuseme unaona bei ya mwisho ni 620. Tazama chini yake kwenye orodha ya oda: wauzaji wana hisa 150 kwa 620, wanunuzi wanataka hisa 300 kwa 600. Ukitaka kuuza hisa zako 1,000 sasa hivi, utapewa 600, tena kwa hizo 300 tu. Zilizobaki zinakaa foleni. Kwa hiyo kanuni ya "bei ikishuka kiasi fulani natoka" ni nzuri, lakini kutoka kunahitaji mtu wa kukupokea. Hisa za benki za CRDB na NMB huuzwa na kununuliwa karibu kila siku ya soko; za kampuni ndogo zinaweza kupita siku kadhaa bila kuguswa. Darasani tunafanyia mazoezi hizo mbili kwa sababu hiyo, hatuzipigii debe.

Na hata hizo zina mwendo wake. CRDB iliuza hisa kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150. Mwaka 2019 zilikuwa karibu na 100, kisha miaka iliyofuata zikapanda mara kadhaa. Faida hiyo waliikuta waliokaa. Kwa maoni yetu, mgeni atenge sehemu ndogo tu ya kujifunzia kuingia na kutoka, nyingine aikalie.

Pesa ya mauzo nayo haiingii siku ile ile. Husubiri siku za kazi za kukamilisha muamala, kwa hiyo ada ya mtoto ya Jumatatu usiitegemee hisa uliyouza Ijumaa.

Kuhusu wale wanaosema "nitumie hela kwenye namba yangu, nikutredie, kila wiki nakupa faida": huyo ni kangomba, mlanguzi wa korosho, aliyevaa tai. Dalali halali ana leseni ya Mamlaka, na hisa zako zinasomeka kwa jina lako kwenye akaunti yako ya CDS. Kama hazisomeki, huna hisa.

Sisi si madalali na hatushiki hela ya mteja. Tunafundisha kusoma oda, kuweka bei kikomo badala ya kukubali bei yoyote iliyopo, kupiga hesabu ya makato na kufuatilia gawio, yaani faida ambayo kampuni inawagawia wenye hisa. Darasa ni Jumamosi asubuhi, watu wachache ili kila mmoja afungue simu yake tukimwona. Mlioko Newala, Tandahimba na Masasi, kuna kundi la Jumatano usiku kwa simu. Uwe na bando na kikokotoo.