Aliyeimba ni John, si mashine

Ndugu Mhariri,

Assalaamu alaykum. Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu kwamba "Now and Then", wimbo wa mwisho wa Beatles, bendi ya Uingereza ya miaka ya 1960, uliimbwa na kompyuta, na kwamba kuupa Grammy, tuzo ya muziki ya Marekani, Februari 2025 ni kuwadhihaki wanamuziki walio hai. Tuzo wampe wamtakaye, hilo halinihusu. Lakini sauti ile ni ya John Lennon mwenyewe, marehemu mwimbaji wa bendi hiyo. Mimi nilikuwa fundi mitambo redioni hapa Unguja mpaka nikastaafu, na siku hizi kibarua changu ni kuhamisha kaseti za watu kuziingiza kwenye kompyuta, basi katika jambo hili nina la kusema.

John aliurekodi nyumbani kwake, jengo la Dakota, New York, mwishoni mwa miaka ya 1970. Yeye, piano yake na kaseti ya kawaida, basi. Tarehe 8 Desemba 1980 akapigwa risasi mlangoni mwa jengo lile lile. Mwaka 1994 mjane wake, Yoko Ono, akampa Paul McCartney kaseti zenye nyimbo ambazo marehemu hakuzimaliza. Mbili zikakamilishwa na kutolewa: "Free as a Bird" mwaka 1995 na "Real Love" mwaka 1996. Hii nyingine ikawashinda. Paul, George Harrison na Ringo Starr, wanabendi watatu waliobaki, waliijaribu mwaka 1995 pamoja na mtayarishaji Jeff Lynne, wakaiweka kando. Paul kasimulia kwamba George aliuita wimbo huo takataka, tena akatanguliza neno ambalo gazeti lako halitalichapa.

Kwa nini iliwashinda? Kaseti ya John ilikuwa na mvumo wa umeme. Watu wengi hudhani mvumo wa umeme kwenye kaseti unaondoka kwa kubonyeza kitufe. Umeme wa Marekani unazunguka mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50. Lau mvumo ungekaa pale pale kwenye 60, hata mimi ningeukata kwa vifaa vyangu vya zamani. Haukai. Unazaa wenziwe kwenye 120, 180, 240 na kuendelea, mpaka unaingia ndani ya sauti ya mtu anayeimba, na ukiukata unamkata na yeye. Juu ya hapo piano na sauti vilikuwa vimenaswa pamoja. Ukimpandisha John, piano inapanda naye na kumfunika. Nimekesha na kaseti za namna hiyo, za maulidi na za harusi, na mwisho nikamrudishia mwenyewe na fedha zake.

Kilichobadilika ni programu ya kompyuta iliyotengenezwa na watu wa Peter Jackson, mwongozaji filamu, walipokuwa wakiandaa filamu ndefu ya Beatles iliyotoka 2021. Programu ile imefundishwa kutambua sauti ya mtu ikoje na sauti ya piano ikoje, kisha inazitenga, kila moja upande wake. Mwaka 2022 wakaipitishia kaseti ya Dakota, John akatoka peke yake, safi. Haikumtungia neno wala haikumuigiza. Lawama ya mkanganyiko sehemu fulani ni ya Paul mwenyewe, maana Juni 2023 aliongea na redio ya BBC akataja akili mnemba bila kufafanua vya kutosha, dunia nzima ikaruka, na siku chache baadaye ikambidi aseme kwamba hakuna kilichobuniwa na mashine. Lakini uvumi ulishatoka mbio, na naona umefika mpaka Unguja.

Yaliyobaki yalipigwa na binadamu. Gitaa la George ni la mwaka 1995, kwa sababu yeye naye alifariki Novemba 2001. Ringo kapiga ngoma upya, Paul kaongeza besi na piano, na pale katikati kapiga gitaa la kutelezesha chuma juu ya nyuzi kwa mtindo wa George, kama heshima kwake. Fidla zilirekodiwa Los Angeles. Sauti za kuitikia baadhi yake zilitolewa kwenye rekodi zao wenyewe za miaka ya 1960, na hapo kidogo nilikunja uso. Wimbo ukatoka tarehe 2 Novemba 2023, na wiki iliyofuata ukawa namba moja Uingereza, jambo ambalo Beatles hawakulipata tangu 1969.

Sasa nije kwa mashabiki, maana wao wamegawanyika kweli, tena si kwa sababu ya mashine. Wapo waliolia. Rafiki yangu mmoja, mzee wa Kikwajuni ambaye alikuwa baharia na ndiye aliyetuletea santuri za Beatles tulipokuwa vijana, aliusikiliza kwenye simu ya mjukuu wake akaomba aachwe peke yake barazani. Wapo walioichukia video, ile iliyomchanganya John kijana, akichezacheza na kufanya vichekesho, na Paul na Ringo wakiwa wazee. Mimi video ilinichekesha, na John alikuwa mtu wa mzaha, sioni alivunjiwa heshima wapi. Wapo pia wanaosema kwamba kama George aliukataa akiwa hai, ni nani aliyeukubali kwa niaba yake? Mjane wake, Olivia, alisema kilichomkwaza ni hali ya kanda na kwamba leo angeshiriki kwa moyo mmoja. Mwenye mume ndiye anayemjua, namwachia.

Ila lipo kundi moja ambalo nalo mimi nimo. Kaseti ya Dakota ilikuwa ikizunguka kwa mashabiki miaka mingi katika nakala za magendo, na waliokwisha kuisikia waligundua mara moja kwamba kipande kimoja hakimo. Kabla ya kiitikio John alikuwa na sehemu ambayo melodia yake inapanda na kuyumba, maneno hajayamaliza, mengine anayamumunya tu akitafuta njia. Paul ameitoa yote. Wimbo umefupika, umenyooka na unapendeza redioni. Lakini mle ndimo nilimomsikia mtu aliyekaa kwenye piano usiku, hajui bado anataka kusema nini. Teknolojia ilifanya kazi yake ya kumsafisha John kwa uaminifu, aliyemkata ni mkasi wa rafiki yake.

Mwaka jana alikuja bi mkubwa mmoja dukani na kaseti ya marehemu mumewe akisoma kasida. Alinitaka nikiondoe kikohozi, na adhana iliyoingia kwa nyuma kutoka msikitini, na mtoto aliyelia. Nikafanya. Nikampa na nakala ya pili haijaguswa, bila malipo, kwa sababu ndiyo kawaida yangu kwa kila mteja. Aliporudi kuchukua kaseti yake hakunieleza anasikiliza ipi, na mimi sikumuuliza.

Kuna na kisa cha mtoto wa hapa hapa. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, na leo watalii wanaingia makumbusho yake pale Shangani wakimwita Freddie Mercury. Mei 1991, akiwa mgonjwa sana, aliimba "Mother Love" katika studio ya Queen, bendi yake, kule Montreux, Uswisi. Aliimba beti zote isipokuwa wa mwisho, akasema amechoka, atarudi kuumalizia. Hakurudi. Alifariki Novemba mwaka ule. Wimbo ulipotoka katika albamu ya Queen Novemba 1995, mwaka ule ule ambao Beatles walishindwa na kaseti yao, ubeti wa mwisho uliimbwa na Brian May, mpiga gitaa, kwa sauti yake mwenyewe ambayo haifanani hata kidogo na ya Freddie. Unasikia kabisa mahali mmoja alipoishia na mwingine aliposhika. Kama kanzu iliyotiwa kiraka cha kitambaa kingine, na fundi hakujali kukificha. Albamu hiyo nayo ina mambo nisiyoyapenda, zile nyimbo zake za 1985 zilizovishwa ala upya, lakini ubeti ule ni kazi safi kuliko chochote nilichosikia katika "Now and Then".

Kwa hiyo simtaki Paul aufute wimbo wake. Ana miaka zaidi ya themanini na alimpenda yule bwana, afanye apendavyo. Nilichotaka ni kaseti yenyewe itoke rasmi, na mvumo wake na kumumunya kwake. Santuri ina pande mbili. Walipoutoa wimbo huu, upande wa pili waliweka "Love Me Do", wimbo wao wa mwaka 1962, ambao kila shabiki anao na watoto wake wanao. Nafasi ilikuwepo.

Na msomaji mwenzangu, kama bado hajaridhika, nampokea dukani kwangu Mwembetanga nimsikilizishe nyimbo zote mbili kwa spika nzuri, si kwa simu. Asije asubuhi tu, umeme wa mtaa wetu unakatika. Aje baada ya laasiri.

Wako,
Fundi mstaafu,
Mwembetanga, Unguja