Rangi ya makoti ya ngozi inayochuja: barua ya malalamiko

Lubumbashi, tarehe 9 Julai 2025

Kwa Bwana Mkurugenzi,
Kampuni ya rangi na dawa za ngozi,
Lubumbashi

KUHUSU: Katoni ya rangi nyeusi niliyonunua kwenye depo yenu tarehe 4 Juni

Bwana Mkurugenzi,

Nimefika depo yenu mara mbili na kupiga simu mara tatu, na kila mara nimerudishwa na maneno matupu. Sasa naandika, ili lalamiko langu likufikie wewe mwenyewe.

Mimi ni fundi wa ngozi, nafanya kazi Katuba. Natengeneza viatu, nabadilisha zipu za mikoba, narudishia rangi makoti na mikanda. Kwa miaka sita rangi yangu nyeusi imekuwa ya kwenu peke yake. Mafundi wenzangu wa soko la mtaa wa Kenya, hapahapa Lubumbashi, waliponiuliza napata wapi rangi isiyochuja, niliwaelekeza kwenu bila kusita. Kwa hiyo yaliyonipata mwezi uliopita yameniumiza zaidi ya hasara ya pesa.

Mteja wangu ni mzee aliyefanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi, miaka mingi. Katikati ya Juni, baridi ya asubuhi ilipoanza kuuma, aliniletea koti lake la ngozi. Mabega na viwiko vilikuwa vimechujuka kwa jua hadi kuwa vya kijivu. Alitaka kulivaa kwenye ndoa ya binti wa mdogo wake. Nililifanyia kazi, nikamkabidhi likiwa linang'aa, akanishukuru sana. Siku ya ndoa alilivaa juu ya shati jeupe. Ukumbini watu walicheza, akatoka jasho, kisha bibi arusi akaja kumkumbatia baba yake mkubwa. Alipomwachia, bega la gauni lake jeupe lilikuwa na doa jeusi la upana wa kiganja. Picha zilikuwa hazijapigwa bado. Gauni lenyewe lilikuwa la kukodi. Mama zake walijaribu sabuni, wakajaribu javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, doa likageuka rangi ya kutu na kubaki palepale. Mwenye gauni alidai dola 60. Mimi nilitoa 40, mzee akatoa 20. Shati lake, ambalo kola na mikono vilikuwa vyeusi, alilitupa.

Kijana wenu wa depo aliniambia: "Njo vile rangi nyeusi iko, fundi. Haukuacha ikauke." Kwa sababu hiyo nakuomba uisome kazi yangu hatua kwa hatua, kisha wewe mwenyewe uamue.

Kwanza nilipangusa vumbi, maana vumbi letu jekundu likibaki kwenye mishono linachanganyika na rangi. Kisha nikatoa siraji (polishi) ya zamani kwa pamba yenye spiriti. Nikadondosha tone la maji sehemu mbalimbali: kwenye viwiko ngozi ililinywa mara moja, lakini mgongoni tone lilisimama, maana yake vanishi ya kiwandani ilikuwa bado ipo. Huko nikasugua tena kwa spiriti hadi ngozi ikakubali kunywa. Hapo tu ndipo nikapaka rangi yenu kwa sponji, kidogo kidogo, mara tatu, nikingoja kila tabaka likauke kabla ya jingine. Koti lilining'inia kivulini siku mbili usiku na mchana. Juani sianiki ngozi kamwe, inakakamaa na kusinyaa. Kisha nikalisugua kwa kitambaa cheupe kikavu mpaka kitambaa kikatoka safi, nikapaka mafuta ya ngozi, nikafunga kwa nta.

Kuna jambo moja nalisema mwenyewe kabla hamjanisemea: sikujaribu kwa kitambaa chenye maji. Kwa miaka sita rangi yenu haikunilazimisha. Siku hizi najaribu kila koti, na nitaendelea hivyo.

Baada ya ndoa nilikaa chini kutafuta sababu. Nilikuwa na chupa moja ya Februari, imebaki robo. Nilikata vipande vitatu kutoka ngozi moja. Cha kwanza nilikipaka rangi ya Februari, cha pili chupa ya katoni mpya, cha tatu chupa nyingine ya katoni hiyohiyo ambayo nilikuwa sijaifungua. Vyote nilivipaka kwa namna moja na kuvikausha siku mbili. Kisha nikachukua kitambaa cheupe chenye maji, nikasugua kila kipande mara 20. Kipande cha Februari kilitia kitambaa ukijivu mwanzoni, baadaye hakikutoa kitu. Vile viwili vya katoni mpya vilitoa weusi tangu mara ya kwanza hadi ya 20, na ngozi ikaanza kuonekana kahawia chini yake.

Kuna dalili nyingine. Rangi ya Februari ukiifungua inanukia spiriti, na tone lake likiangukia karatasi linakauka upesi. Hii mpya hainuki karibu chochote, tone lake linakaa limelowa muda mrefu, na chini ya chupa kuna unga mzito ambao hauchanganyiki hata ukitikisa. Fundi yeyote anajua tofauti yake. Rangi ya spiriti inazama ndani ya ngozi. Rangi ya maji yenye unga inakaa juu kama rangi ya ukuta, na inahitaji dawa yake ya kuifunga, la sivyo inahamia kwenye nguo. Zote mbili ni bidhaa halali, kila moja ina kazi yake na namna yake ya kupakwa. Lakini etiketi ya chupa zote ni ileile, neno kwa neno: jina lilelile, maelekezo yaleyale, bei ileile ya dola 6. Siwashtaki kwamba mmeichakachua. Nasema kilichomo ndani ya chupa kimebadilika, na sisi tunaopaka hakuna aliyetuambia.

Pamoja na katoni hiyo nilinunua chupa nne za dawa yenu ya kutoa madoa, dola 5 kila moja. Etiketi inasema inatoa wino kwenye ngozi za aina zote bila kugusa rangi. Mama mmoja aliniletea mkoba wa rangi ya maziwa wenye mstari wa kalamu. Wino wa kalamu wenyewe ni rangi, unazama kwenye ngozi vilevile, kwa hiyo dawa inayouyeyusha inaweza kuondoka na rangi ya mkoba pia. Nilijaribu kwanza ndani ya kifuniko, mahali pasipoonekana, na pamba ikatoka na rangi ya maziwa. Niliishia hapo, nikamrudishia mama mkoba wake na doa lake. Doa la mafuta ningelitoa bila dawa yenu, kwa kulaza unga mkavu wa muhogo juu yake usiku mzima. Kwa wino nilikuwa nategemea ahadi yenu.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie dola 72 za katoni ya rangi na dola 20 za dawa ya madoa. Chupa tisa za rangi na tatu za dawa bado zimefungwa, mtazichukua. Mlipe dola 60 za gauni na dola 15 za shati, na katika hizo 20 za gauni pamoja na 15 za shati zimfikie mzee mwenyewe mkononi, na neno la kumwomba radhi. Kulivua koti rangi hii na kulipaka upya nitafanya kwa jasho langu, simdai mzee wala ninyi.

La pili lina uzito kuliko pesa: msimamishe kuuza chupa za loti hii hadi mjue kilichomo ndani, na muwaarifu mafundi waliokwisha kuinunua. Nimewaonya wanne ninaowajua. Wengine ninyi ndio wenye daftari lao. Na chupa zitakazofuata ziandikwe wazi, kwa Kiswahili na Kifaransa, kama rangi ni ya spiriti au ya maji, na kama inahitaji kufungwa kwa dawa gani.

Vile vipande vitatu vya ngozi, kitambaa nilichosugulia, chupa ya Februari na risiti yenu vyote viko kibandani kwangu. Mtume mtu anayeijua ngozi, aje na kitambaa cheupe chake mwenyewe na maji yake, asugue mbele yangu. Nafungua kila siku isipokuwa Jumapili, na nitamngoja hadi tarehe 31 Julai. Ikipita tarehe hiyo bila jibu, nitapeleka barua hii na vipande hivi kwa idara ya serikali inayoshughulikia biashara hapa mjini.

Wenu,
Fundi wa ngozi, Katuba
(namba yangu ya simu iko kwenye risiti)