Kadi yangu haikununua anasa

Mhariri,

Majuma mawili yaliyopita mlichapa barua ya msomaji aliyesema sisi tuliozama kwenye madeni ya kadi za mkopo za benki tulikuwa "tunakula maisha kwa pesa ya benki", na sasa tunalialia. Niliisoma nikiwa kwenye taksi ya kurudi Bombo, kaskazini mwa Kampala. Nikaikunja. Tulipofika Matugga nikaifungua tena kuona kama kweli ameandika hivyo.

Usiku ule nilitoa bahasha ya kaki ninayoweka taarifa za benki nikahesabu kadi yangu ilinunua nini. Karo ya watoto wawili, mihula mitatu. Siku tisa za mama hospitalini mwaka 2023, pamoja na dawa ambazo hospitali haikuwa nazo ikabidi tuzifuate duka la nje. Betri ya sola. Magurudumu mawili ya gari ambalo sasa nimeliuza. Na viatu vya shilingi 140,000 nilivyovaa harusi ya mdogo wangu. Viatu nakubali, hapo msomaji wenu kanipata.

Nilikuwa mhasibu msaidizi kwenye mradi wa afya uliolipwa na serikali ya Marekani. Mshahara milioni tatu na laki nne, unapita benki ileile kila mwezi, kwa hiyo mwaka 2021 kijana wa mauzo alikuja mwenyewe ofisini na fomu ya kadi mkononi. Kikomo cha kukopa, milioni kumi. Akanieleza vizuri, sitamsingizia: ukilipa deni lote kabla ya tarehe hutozwi kitu, ukilipa kidogo linalobaki linatozwa asilimia 3 kwa mwezi. Miaka miwili nililipa lote. Mama alipougua nikaanza kulipa kidogo.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Kabla mwezi haujaisha tuliitwa kwenye kikao cha robo saa. Tukarudisha kompyuta, funguo na vitambulisho vya kazi, tukapewa mshahara wa mwezi mmoja. Kadi ilikuwa inadai milioni sita na ushee. Shule zilikuwa zinafunguliwa Februari.

Hapo ndipo nilipokosea, na msomaji wenu hakuligusa kabisa. Sikumwambia mtu. Niliendelea kupanga nyumba Kyaliwajjala, pembeni mwa Kampala, kwa 700,000 kwa mwezi kana kwamba mshahara uko njiani. Nililipa chakula kwa kadi, na karo nikaitoa taslimu kwenye mashine kwa kadi hiyohiyo, bila kujua kwamba pesa taslimu haina siku za neema: riba inaanza siku unayoichukua, na ada ya kutolea juu yake. Kufika Juni deni lilikuwa 9,600,000.

Mimi ni mhasibu, lakini hesabu hii sikuipiga hadi nilipokaa na kalamu sebuleni kwa mama. Benki ilinidai "malipo ya chini", asilimia 5 ya deni. Mwezi wa kwanza ni 480,000. Katika hizo, 288,000 ni riba, na deni lenyewe linapungua kwa 192,000 tu. Mwezi unaofuata malipo ya chini yanashuka kidogo, nawe unafurahi, kumbe kushuka kwake ndiko kunakokuchelewesha. Ukienda hivyo mwaka mzima bila kununua hata kiberiti kwa kadi ile, umelipa zaidi ya milioni tano na deni limepungua kwa milioni mbili. Kufika nusu ya deni ni karibu miaka mitatu.

Mama alikuwa anasuka tabaga, kawa la kufunikia chakula, akaniuliza naandika nini muda wote huo. Nikamwambia riba. Akanyamaza. Kwetu sisi Waislamu neno hilo lina uzito wake, na Kiswahili hakikutupa neno jingine la kujifichia: lililoandikwa kwenye taarifa ya benki ndilo lile analolikemea sheikh siku ya Ijumaa. Sikutaka kulisema mbele yake, ndiyo maana kwa miezi mitano sikulisema mbele ya yeyote.

Katika miezi hiyo nilikopa kwenye programu ya simu ili nilipe kadi. Siku ya nane ya kuchelewa walimpigia shemeji yangu, kisha mwalimu wa madrasa ya wanangu, wakiwaambia mimi ni tapeli. Namba walizitoa kwenye simu yangu. Hapa Uganda tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, lakini uisome saa ngapi wakati mwalimu wa mwanao anakuuliza kwa upole kama uko salama.

Nikaenda kwa mkopeshaji mmoja Kawempe. Alitaka asilimia 15 kwa mwezi, aniwekee kadi ya ATM na kitambulisho cha taifa. Nilisimama nikaondoka, si kwa ushujaa, ila nilikumbuka UMRA, wanaosimamia wakopeshaji hawa, walishakataza kushika vitambulisho na kadi za watu. Tena mwaka 2024 serikali iliwawekea kikomo cha asilimia 2.8 kwa mwezi. Nikiwa kwenye bodaboda ndipo nikacheka peke yangu: kadi yangu ya benki, ile yenye nembo ya kung'aa, ilikuwa inanitoza 3. Kikomo kile ni cha wakopeshaji wa mtaani. Benki hakizihusu.

Sasa Mhariri, nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Wakati deni linakua kwa asilimia 36 kwa mwaka, NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni ya wafanyakazi, nilikuwa na akiba ya shilingi milioni 38. Pesa yangu, iliyokatwa kwenye jasho langu kwa miaka kumi na mmoja. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 inamruhusu mwanachama kuchukua asilimia 20 ya akiba yake akiwa na umri wa miaka 45 na amechangia miaka kumi. Miaka kumi ninayo. Umri nina 43. Njia nyingine ni kufika miaka 50 ukiwa umekaa mwaka mzima bila kazi. Nilirudi nyumbani nikijiona mtoto, mara ya kwanza tangu nivuke arobaini.

Mwaka wa fedha 2023/24 mfuko ulitupa asilimia 11.5, nami nashukuru, ni faida nzuri. Lakini mtu anieleze: akiba inakua kwa 11.5 na deni kwa 36, vyote vya mtu mmoja, na katikati kuna ukuta. Asilimia 20 yangu ingekuwa milioni saba na laki sita.

Baba mdogo, mwanajeshi mstaafu, alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Ungekuwa na ruhusa, ungeitoa mama alipolazwa. Leo usingekuwa nayo, na kadi ungekuwa nayo vilevile." Sikuwa na jibu. Bado sina lililo kamili. Ndiyo maana siombi mlango ufunguliwe kwa kila mtu. Naomba wabunge wafikirie kitu kidogo: aliyeachishwa kazi, mwenye barua ya mwajiri na miaka kumi ya michango, aruhusiwe mara moja tu, na pesa isipite mkononi mwake. Mfuko uilipe benki moja kwa moja. Baba mdogo alipolisikia hilo alikuna kichwa akaniambia niandike.

Jambo la pili ni la benki, nalo halihitaji bunge. Pale penye "malipo ya chini" waandike chini yake: ukilipa hiki tu, utamaliza baada ya miezi mingapi, na jumla utakuwa umelipa ngapi. Marekani wameshawalazimisha watoa kadi kufanya hivyo, kwa sheria ya mwaka 2009. Pesa zao zimeondoka na kazi yangu, angalau watuachie mstari huo mmoja.

Mwisho wangu na benki haukuwa mbaya. Mara ya kwanza binti wa mapokezi aliniambia, "Mama, lipa tu ile ya chini." Mara ya pili nilikwenda na barua ya kuachishwa kazi, karatasi ya mapato na matumizi, na barua niliyoiandika mwenyewe nikiomba kadi ifungwe na deni ligeuzwe mkopo wa kawaida. Nikataja miongozo ya Benki Kuu ya 2011, kwamba mteja analalamika kwanza kwenye benki yake na asiporidhika anapanda Benki Kuu. Meneja alisoma yote. Kisha akaniuliza, wala si kwa ukali, "Kwa nini hukuja Februari?"

Februari nilikuwa na rekodi safi. Februari nilikuwa nadaiwa milioni sita. Nilimwambia nilikuwa naona aibu, akatikisa kichwa kama mtu aliyelisikia hilo mara nyingi wiki ile.

Kadi ilikatwa mbele yangu. Deni pamoja na faini, 9,840,000, likawa mkopo wa miaka mitatu kwa asilimia 18 kwa mwaka, kama 356,000 kila mwezi. Ni nusu ya kodi ya nyumba niliyokuwa naing'ang'ania Kyaliwajjala. Nimehamia kwa mama. Naandika vitabu vya hesabu vya maduka matano hapa Bombo na ya kina mama wa chama kimoja cha akiba, na alfajiri tunakaanga mikate ya gurusa tunauza kituoni. Awamu nne zimelipwa. Ya tano ni tarehe 28, na mwenye bucha bado hajanilipa ya mwezi uliopita.

Na vile viatu, mwambieni msomaji wenu, niliviuza Aprili kwa 60,000. Tulinunua posho, yaani unga wa mahindi, na maharage.

Mama Rehema,
Bombo, Luwero