Shylock na vicheko vya ukumbini

Mhariri, habari za kazi. Nimesoma makala yenu kuhusu wanafunzi walioigiza Mabepari wa Venisi, ule mchezo wa Shakespeare aliotutafsiria Mwalimu Nyerere mwaka 1969, na vijana nawapa hongera zao kabisa. Ila mwandishi wenu anasema ukumbi mzima ulilipuka kwa vicheko pale Shylock, yule Myahudi mkopeshaji wa riba, anapoamriwa mahakamani aache Uyahudi awe Mkristo, tena yeye kaona hiyo ndo dalili kwamba shoo imefana. Jamani. Mtu ananyang'anywa dini yake mbele za watu, sisi tunagonga meza?

Ngoja niseme kitu. Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290 na mfalme Edward wa Kwanza, wakaja kuruhusiwa kuishi huko tena 1656. Shakespeare kaandika mchezo wake 1596 au 1597 hivi, kwa hiyo watazamaji wake karibu wote hawakuwahi kukaa jirani na Myahudi anayeabudu waziwazi, walichokuwa nacho vichwani ni maneno ya kuokoteza, eti Wayahudi wanaua watoto wa Kikristo, uzushi uliosambaa kwao tangu karne ya 12 kule Norwich. Sasa watu wenye hayo kichwani unawapandishia jukwaani Myahudi ananoa kisu anataka ratili ya nyama ya Mkristo aliyeshindwa kulipa deni, utaeleza nini tena hapo, kila kitu wanacho tayari!

Na wala Shylock hakuwa wa kwanza. Christopher Marlowe, mwandishi mwingine wa michezo wa enzi hizo, alishamtoa Barabas, Myahudi wa Malta, anayewawekea sumu masista na mwisho anatumbukia kwenye sufuria la moto alilomtegea mwenzake. Mwaka 1594 daktari wa Malkia Elizabeth, Roderigo Lopez, Mreno wa asili ya Kiyahudi, akanyongwa akidaiwa kutaka kumpa malkia sumu, na alipoapa kwamba anampenda malkia kama anavyompenda Yesu Kristo, umati ukamcheka. Mwaka huohuo mchezo wa Marlowe ukarudishwa jukwaani London, ukaigizwa tena na tena manake wateja walikuwepo. Ndo maana hivi vicheko vinanikera, vina ukoo mrefu.

Halafu hilo suala la riba. Kwani Shylock alikopesha kwa sababu Wayahudi wamezaliwa wanapenda hela? Sehemu nyingi za Ulaya walikatazwa kumiliki ardhi, vyama vya mafundi haviwapokei, kanisa nalo linamkataza Mkristo kukopesha kwa riba, sasa nani abaki na hiyo kazi? Venice yenyewe tangu 1516 iliwaweka kwenye mtaa wao, ghetto, mageti yanafungwa usiku. Antonio, yule mfanyabiashara wa Kikristo mwenye deni, anamtemea mate Shylock, anamuita mbwa, halafu anakuja kumkopa dukati 3,000! Na mwandishi wenu anasema vijana walipunguza "maneno ya mwanzo" ili mchezo usichoshe. Hayo maneno ya mwanzo ndo hayo sasa.

Najua kuna atakayesema mbona Shylock kapewa ile hotuba, Myahudi hana macho, ukimchoma hatoki damu? Kweli kapewa, na waigizaji wakubwa waliishikilia hiyohiyo: Edmund Kean 1814 alilitupa lile wigi jekundu la kuchekesha ambalo kina Shylock walivalishwa miaka na miaka, na Henry Irving 1879 akamfanya mzee mwenye heshima zake. Lakini mchezo huohuo uliigizwa Vienna 1943 chini ya Wanazi, Werner Krauss akiwa Shylock wa kutia kinyaa, wakati Wayahudi wengi wa mji ule walikuwa wameshasombwa. Kwa hiyo habari ya "ni fasihi tu" mi siikubali, chuki imo ndani ya mchezo tangu siku ulipoandikwa na huruma pia imo, anayeamua watu waondoke na ipi ni anayeuongoza.

Sisemi ufungiwe, hapana, waigize hata kila mwaka. Warudishe mate ya Antonio, hotuba waiache nzima, na ile hukumu ya kubadili dini waitoe polepole bila manjonjo tuone nani atacheka. Na mwandishi wenu akienda tena, amuulize mwongozaji alikata kurasa zipi na kwa nini.

Msomaji wenu, Dar es Salaam