Vijana wa miaka 18 wasifungiwe nje ya chaguzi ndogo

Kwa Mhariri,

Ripoti kuhusu chaguzi ndogo za Kenya za Novemba 27, 2025 zimejaa hesabu za kura na mivutano ya vyama. Waliozuiwa kujisajili hawatajwi. Sheria ya Uchaguzi, sehemu ya 5, husimamisha usajili wa wapiga kura katika eneobunge husika tangu siku kiti kinapotangazwa kuwa wazi hadi siku ya kura. Hata kuhamisha kituo cha kupigia kura huwa hakuna.

Kanuni hiyo ina mantiki iwapo Kifungu cha 101 cha Katiba kitazingatiwa: Spika aiarifu tume ya uchaguzi, IEBC, ndani ya siku 21, na uchaguzi ufanyike ndani ya siku 90. Lakini tume ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Ugunja, kiti alichokiacha Opiyo Wandayi alipoingia Baraza la Mawaziri Agosti 2024, kilingoja zaidi ya miezi 15. Kiti cha Malava kilingoja miezi tisa. Aliyetimiza miaka 18 katikati ya kipindi hicho alibaki mtazamaji, kitambulisho mkononi (kama alibahatika kukipata mapema).

Bunge lirekebishe sehemu hiyo ili usajili ufungwe tarehe ya uchaguzi inapochapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, si kiti kinapokuwa wazi. Wiki zinazobaki zatosha kukagua sajili na kupakia data kwenye KIEMS, mitambo ya kutambua wapiga kura.

Mpiga kura,
Kisumu