YAH: MALALAMIKO KUHUSU FOKASI YA KIBODI KATIKA PROGRAMU YENU YA UHASIBU

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo, na sioni. Kompyuta naitumia kwa kibodi pamoja na programu ya NVDA, ambayo hunisomea kwa sauti kilichopo kwenye fokasi, yaani mahali ambapo kitufe nitakachobonyeza kitafanya kazi. Anayeona, fokasi ikimpotea, huangaza macho akaipata. Mimi ikinipotea, nimepotea nayo.

Toleo lenu la awali nililitumia bila shida kubwa. Katika hili jipya, juma lililopita nilikuta marejesho ya mwanachama mmoja yameingizwa mara tatu, kuanzia mstari wa 37 hadi wa 39. Nikaufuta wa 38, NVDA ikanyamaza. Nikiamini kwamba nimesimama kwenye mstari uliofuata, ambao nao ulistahili kufutwa, nikabonyeza Delete tena. Kumbe programu ilikwisha kuirudisha fokasi juu kabisa ya orodha bila kutangaza lolote, nami nikawa nimefuta malipo halali ya mtu mwingine (wala sikuulizwa kama nina uhakika). Niligundua jioni, hesabu zilipokataa kulingana.

Kuna na kitufe cha Hifadhi, ambacho hujizima mara ninapokibonyeza ilhali fokasi bado iko juu yake. Tangu hapo kitufe cha Tab, ninachotumia kuhamisha fokasi, hakijibu mpaka nihamie dirisha jingine kisha nirudi.

Nilipopiga simu, mhudumu wenu alinishauri nimwombe mwenzangu anayeona anibonyezee kwa kipanya. Ushauri huo siukubali: akaunti ile ina jina langu, na kila kinachofutwa humo nitaulizwa mimi, si yeye.

Ninachoomba hakihitaji programu kuandikwa upya. Kabla mstari haujaondolewa, fokasi ihamishiwe unaofuata, au uliotangulia iwapo huo ulikuwa wa mwisho. Kabla kitufe hakijazimwa, fokasi ipelekwe kwanza mahali panapofanya kazi. Na kidirisha kikifungwa, irudi pale kilipofunguliwa. Mwongozo wa WCAG 2.1 wa mwaka 2018, unaoeleza namna ya kuwawezesha watu wenye ulemavu kutumia tovuti, na ambao ingawa uliandikwa kwa ajili ya tovuti hutumika pia kupimia programu za kompyuta, unataka fokasi ifuate mpangilio usiopoteza maana. NVDA hutolewa bure, hivyo mafundi wenu wanaweza kuisakinisha leo, wazime skrini, kisha wajaribu kufuta mistari miwili tu.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14, na wakati marekebisho yakiendelea mnirejeshee toleo la awali, kwa kuwa hesabu za kufunga mwezi siwezi kuzifanya kwa hili nililo nalo.

Wenu mwaminifu,
Mhasibu